Rangi Kabla ya Kukaza

Mirdif, 9 Oktoba 2014

Baba Peninah wangu,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi mzima, ila mgongo. Nakuandikia kwa sababu simu yangu sasa Madam anaifungia kabatini. Napewa Ijumaa jioni tu, tena nizungumze mbele yake. Si mtu mbaya, lakini shoga yake alipigwa picha ndani ya nyumba na mtumishi wake, picha zikasambaa, basi tumeadhibiwa wote. Barua ataibeba Umaru, dereva wa hapa, Mganda wa Masaka. Anapita Al Quoz karibu kila wiki, na kumwachia mlinzi wa gereji yenu bahasha si kazi.

Sasa lawama, nazo ni zangu mwenyewe, maana mdomo umeniponza kichwa. Sir Saif ana gari la zamani la baba yake, limelala kwenye banda miaka. Mzee ni mgonjwa, hatoki kitandani huko kwao Hatta, na Sir anataka amfikishie hilo gari likiwa jipya siku ya Sikukuu ya Taifa. Fundi wa kwanza alilikwaruza. Asubuhi moja wakati wa chai Sir alikuwa analalamika, mimi namimina maziwa, nikajikuta nimesema, "Sir, my husband, fundi wa magari kama hayo." Madam akanitazama kama birika limeongea. Jana Sir ameniuliza jina la gereji.

Kwa hiyo linakuja kwako. Nisikilize vizuri: ukiliharibu, wewe utagombezwa mara moja na msimamizi wako. Mimi nitamwandalia chai huyo mtu kila asubuhi. Naogopa, Faustine, nakwambia wazi. Meera, mtoto wao ninayemlea, ana miaka minne, naye ameshaanza kuliita gari lake.

Mkeo,
Edna


Al Quoz, 18 Oktoba 2014

Mama Peninah,

Barua nimeipata. Mlinzi alinipa huku anacheka, alidhani nina mchumba. Nilipomwambia ni mke wangu wa ndoa, na yuko Dubai hii hii, akacheka zaidi.

Gari limefika juu ya lori. Nilipoondoa turubai nililizunguka mara mbili. Ni la Kimarekani, la mwaka 1969, milango miwili, silinda nane, boneti pana kama kitanda cha watu wawili. Sir wako analiita Shaheen, yaani kipanga. Kwa sasa kipanga kanyonyoka: panya wamezaa ndani ya kiti cha nyuma, mikanda ya kromu ya madirisha imepinda, bampa lina kutu ya chumvi, na boksi ya stelingi, ile inayopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye magurudumu, inavuja mafuta mpaka chini.

Mikanda ya kromu naing'oa kwa kijiti cha mti, maana bisibisi huacha jeraha. Kisha nailaza juu ya mfuko wa mchanga na kuinyoosha kwa nyundo ya mpira, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Ikinyooka naipiga msasa laini, ndipo iende kuchovywa kromu upya. Boksi ya stelingi nitaifungua yote.

Usiogope. Hapa kuna utaratibu. Msimamizi wetu Alfred, Mkenya wa Kakamega, ana sheria moja anayoirudia kama sala: "Buda, kaza kwanza, paka baadaye." Ukishakaza bolti kwa spana ndefu inayopima nguvu, unachukua brashi na kupiga mstari wa rangi ya manjano kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilichobanwa. Mstari ukiwa mzima, bolti haijasogea. Mstari ukikatika, kuna kilicholegea. Alfred akikagua hashiki spana, anashika tochi. Penye manjano anapita, pasipo na manjano unaitwa. Kwa hiyo hata nikisinzia, rangi inakesha.

Madam atakupa Ijumaa lini? Mwezi uliopita nilikaa kanisani nikitazama mlango misa nzima, padri akadhani nimechoshwa na mahubiri.

Mumeo,
Faustine


Mirdif, 1 Novemba 2014

Baba Peninah,

Umaru ameleta ule mkanda mmoja wa kromu ili Sir aone kazi. Sir aliugeuza, akaupeleka dirishani, akaupitishia kidole gumba. Kisha akaondoka nao mpaka ofisini kwake. Mimi jikoni nilipumua.

Meera alijiona sura humo, akaucheka uso wake uliorefuka. Sasa amesema atapanda gari hilo siku ya sikukuu akiwa na mimi, bila mimi hapandi. Mtoto akisema humu ndani, imekwisha.

Madam amenipa Ijumaa ya tarehe 14. Misa ya saa nne. Nitavaa lile gauni la kitenge ulilonunua Bur Dubai, ukabishana na Mhindi mpaka akakuita kaka. Usichelewe, maana saa saba Umaru ananifuata.

Edna


Al Quoz, 10 Novemba 2014

Mama Peninah,

Tunafanya kazi hata Ijumaa, Sir wako anapiga simu kila siku. Lakini Alfred amekubali niondoke na basi la saa tatu. Nitakuja, hata kama ni kwa magoti. Nimekukumbuka mpaka chakula hakina chumvi.

Faustine


Mirdif, 21 Novemba 2014

Baba Peninah wangu,

Bado nacheka nikikumbuka. Umeingia padri yuko kwenye mahubiri, unatweta, umejibana katikati ya wanakwaya, ukanishika mkono kama mtu aliyeokolewa majini. Nimerudi nyumbani ndio naona: gauni langu lina alama tatu za manjano mkononi, vidole vyako vitatu. Nimefua kwa sabuni, nimefua kwa ndimu na chumvi, rangi haitoki. Ilikuwa mbichi kabisa! Ina maana uliweka brashi chini ukakimbilia basi bila hata kunawa. Mwanaume gani anakwenda kwa Bwana na rangi vidoleni? Lakini sikukasirika. Nikilala nauweka mkono huo juu.

Gari limefika Jumanne juu ya lori, limefunikwa kama bibi harusi. Faustine, umefanya kazi. Hata mimi nisiyejua gari nilisimama. Mikanda inang'aa, viti vinanuka ngozi mpya. Sir alilizunguka mara nyingi, kisha akaniita na kuniambia mbele ya Madam, "Edna, your husband, good man." Nilijifanya nafuta kitu machoni.

Halitaendeshwa mpaka tarehe mbili. Limefunikwa kitambaa bandani, hata Umaru haruhusiwi kuligusa. Siku yenyewe tutatoka asubuhi, tutapita na msafara wa magari yaliyopambwa bendera, halafu moja kwa moja Hatta kwa mzee, kule kwenye milima na zile kona. Sir na Madam mbele, mimi na Meera nyuma. Tumeshonewa nguo za rangi ya bendera. Mimi, mtoto wa Kashozi, ndani ya gari hilo! Peninah angeniona.

Huko nyumbani sasa ni msimu wa senene. Natamani hata sahani moja.

Mkeo,
Edna


Al Quoz, 24 Novemba 2014

Mama Peninah,

Nakuomba jambo moja. Usipande gari lile siku ya sikukuu. Sema unaumwa tumbo, sema lolote. Na kama unaweza, mzuie na mtoto.

Nimeota ndoto mbaya. Usiniulize zaidi, na ukimaliza kusoma chana karatasi hii.

Faustine


Mirdif, 26 Novemba 2014

Baba Peninah,

Ndoto? Wewe? Wewe uliyemcheka mama yako alipokataa kusafiri kwa sababu bundi kalia?

Nimekuwa na hasira tangu jana. Kwanza nilidhani una wivu. Nikasema, ameona nitakaa kwenye ngozi laini aliyoishona mwenyewe, na yeye analala kambini watu wanane chumba kimoja. Kisha nikaona aibu kuwaza hivyo, maana wewe si mtu wa wivu. Sasa nimebaki na hofu tupu, nayo ni mbaya zaidi.

Nitamwambia nini Madam? Mume wangu kaota? Aliyekuwepo kabla yangu alisema anaumwa siku ya safari, wakamwangalia kwa jicho la wizi mpaka alipoondoka. Na Meera hapandi bila mimi. Nikibaki atalia, na akilia wataniuliza kwa nini.

Kama kuna jambo, sema jambo. Mimi si mtoto. Herufi za barua ile zimepinda, na mimi herufi zako ninazijua. Unaogopa Umaru ataisoma? Basi ifunge vizuri, lakini niambie.

Edna


Al Quoz, 28 Novemba 2014

Mke wangu,

Bahasha hii nimeibandika kwa gamu ya gasketi, ile ya injini. Utaikata kwa kisu.

Hakuna ndoto. Ni barua yako iliyoniamsha, pale uliposema rangi ilikuwa mbichi. Nilikuwa nacheka, nikafika hapo, kicheko kikakatika. Nilikaa juu ya ndoo nikajiuliza: asubuhi ile nilipaka nini?

Nilikuwa nimeshairudisha boksi ya stelingi mahali pake. Inashikwa na bolti tatu kwenye chesi, ile mifupa ya gari. Nilizizungusha kwa vidole mpaka zikagota, nikamtafuta Alfred kwa ile spana ndefu, nikakuta anaitumia kwenye gari jingine. Kopo la rangi lilikuwa wazi, na kwa joto hili likikaa linaganda ngozi juu. Basi lilikuwa linakaribia. Nikasema moyoni, nipake hizi tatu kabisa nisije nikalifungua kopo tena, nikirudi nazikaza. Edna, nilitaka kukuona. Nikapaka.

Jumamosi nilirudi kazini nikiimba. Nikaangalia chini ya gari, nikaona manjano, na jicho langu likaniambia kazi imekwisha. Alfred akapita na tochi, akaona manjano, akapita. Akaliendesha uani mizunguko miwili, taratibu, halikuonyesha kitu. Na mimi hadi leo siwezi kuapa. Labda nilizikaza nikasahau. Lakini najaribu kukumbuka uzito wa ile spana mkononi kwa zile tatu, na siukumbuki.

Zikilegea, boksi itacheza. Usukani utazunguka na magurudumu yatachelewa kuitika. Mjini labda. Kwenye kona za Hatta, na wewe nyuma umempakata mtoto wa watu, siwezi hata kuliandika.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie Alfred. Nilijaribu. Nilimwambia tu twende Mirdif tukalikague mara ya mwisho, akanijibu, "Msee, customer amelipenda, wewe unataka kumtia wasiwasi?" Nikashindwa kumalizia. Mwaka jana fundi mmoja aliua injini ya mteja, kafeel, mdhamini wake wa viza, akamfikisha polisi, na mpaka leo hatujui alikopelekwa. Nikipelekwa mimi, wewe utaambiwa uliwaletea mharibifu. Hofu imenifunga mdomo, huo ndio ukweli.

Ndani ya kanga niliyompa Umaru pamoja na bahasha hii kuna spana. Ni ya vipimo vya inchi, vya magari ya Kimarekani, ndiyo inayoingia hapo. Nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, ukilala chali, utaona mistari mitatu ya manjano. Shika kila bolti. Ikizunguka kuelekea kulia, haijakazwa. Ikaze. Ukishindwa, usipande, na mtoto asipande, hata kama itabidi upige kelele.

Nisamehe.

Faustine


Mirdif, 30 Novemba 2014

Faustine,

Nimeikata bahasha yako kwa kisu cha samaki, kwa haraka mpaka nikajikata. Sitakuambia nilivyokusema moyoni. Nitakuambia nilichofanya.

Leo alasiri Sir alikuwa kazini, Madam kalala na Meera. Nilichukua ndoo na tambara kama ninayekwenda kuosha sakafu ya banda. Spana niliifunga kiunoni chini ya aproni. Tochi nilichukua ya Meera, ya kuchezea, ina umbo la chura, ukiibonyeza inalia. Nilimfunga chura huyo kwa leso asilie.

Nimeolewa nawe miaka tisa na sijawahi kulala chini ya gari. Kulikuwa na harufu ya mafuta na mpira, chuma kimenikaribia uso. Nilisali Salamu Maria mbili kabla sijaona kitu. Kisha nikaiona manjano yako, mistari mitatu mizuri imenyooka, na kwa jinsi ilivyonyooka nikasema mume wangu kajitisha bure.

Nikashika bolti ya kwanza kwa vidole tu, bila spana. Ikazunguka.

Sijui nililia au nilicheka. Niliweka spana nikavuta. Mstari ukakatika, kipande kikaenda na bolti, kipande kikabaki kwenye chuma. Nilivuta mpaka spana ikanikatalia, nikaegemeza mguu kwenye gurudumu nikavuta tena. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilikuwa naivuta nikasikia kandambili za Madam mlangoni. Akaita, "Edna? Wen inti?" Nikajibu niko huku nafuta sakafu. Akasimama. Niliona vidole vyake vya miguu vyenye hina, karibu na ndoo. Kama angeinama tu. Kisha Meera akalia ndani, akaondoka.

Nimemaliza zote tatu. Lakini Faustine, mimi sijui kukaza ni kukaza kiasi gani. Nguvu zangu ni za kubeba mtoto na kukamua nguo. Je, inatosha? Nijibu upesi. Spana nimeificha chini ya godoro langu.

Umaru ametumwa Hatta kumpeleka mama mzazi wa Madam pamoja na vyakula vya sikukuu. Atarudi kesho jioni, sijui kama atapita kwenu. Barua nimeishika, sina mtu mwingine wa kumpa.

Edna


Al Quoz, 1 Desemba 2014

Mke wangu,

Umaru hajapita. Sina jibu, na kesho ndiyo siku. Ijumaa jioni sikuipata simu yako, leo nimepiga mara nyingi inaita tu kabatini. Gereji imefungwa kwa sikukuu na funguo anazo Alfred, hata spana sina, ile moja nilikupa wewe.

Kesho alfajiri nitakuja Mirdif na nitamwambia Sir mwenyewe langoni. Wakinipeleka polisi, wanipeleke, lakini wewe utakuwa umesimama chini. Barua hii nitakuwa nayo mfukoni. Kama nitashikwa kabla hatujaongea, nitamwachia Umaru.

Mwambie Peninah baba yake aliogopa sana, kisha akaenda.

Faustine


Mirdif, 2 Desemba 2014

Baba Peninah,

Mmeondoka sasa hivi, wewe na Sir, na mlio wa gari hilo bado uko kifuani mwangu. Naandika hapa mezani jikoni kwa sababu nikikaa bure nitapiga yowe. Wewe ulikuwa chini ya gari, hukuona nyuso. Nitakuambia nilichoona juu.

Ulipomwambia Sir, "Arbab, kuna bolti tatu sikuzikaza," mimi nilikuwa mlangoni nimemshika Meera mkono, tumevaa nguo zetu za bendera. Sikujua kama unakuja. Sir hakupaza sauti. Alikutazama, akamtazama mtoto, akalitazama gari, kisha rangi ikamtoka usoni yote. Sijawahi kumwona mwanaume mwenye uwezo akiwa na sura ile. Akasema neno moja tu, "Angalia." Ukalala chini ukaingia.

Ulikaa muda mrefu. Nilijua umeona mistari iliyokatika. Nilijua unafahamu ni mkono wa nani, na kwamba umetulia huko chini ukitafuta uongo wa kunificha. Na huna spana. Utamwambia ziko sawa bila kuzijaribu, halafu Sir atamwingiza mtoto garini. Spana ilikuwa chumbani kwangu, Faustine. Nilifikiri Peninah, nilifikiri kazi, nilifikiri tiketi. Kisha Meera akauvuta mkono wangu akasema, "Yalla, Edina, twende." Basi nikaenda kuichukua.

Niliporudi nayo Madam aliiona mkononi mwangu. Hakuelewa. Nilipoinama nikakusogezea chini ya gari, ndipo alipoelewa. Akamshika Meera kwa mabega, akamvuta nyuma, mbali na mimi. Mbali na mimi, Faustine, siyo mbali na gari.

Ulipotoka ukasema, "Ziko sawa, arbab." Sir akaniuliza spana nimeitoa wapi, nikamwambia yote, kwa Kiingereza changu na Kiarabu changu, mpaka yule chura wa tochi. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akakufungulia mlango wa abiria. "Aliyeitengeneza atakaa hapa," akasema. "Hatta na kurudi. Familia itabaki." Na mimi akaniambia, "Tukirudi tutazungumza."

Ulinipitia na hukusema neno. Hukuniambia kama ulipoweka spana zilizunguka tena au hazikuzunguka. Umepanda gari lililoshikwa na mikono yangu, na mimi sijui kama mikono yangu ilitosha. Saa hizi mtakuwa mmeingia kwenye kona. Madam yuko ghorofani na Meera, amefunga mlango kwa ufunguo. Namsikia mtoto ananiita.

Ee Mungu, zishike.

Edna


Kashozi, Bukoba, 21 Desemba 2014

Baba Peninah,

Nimefika salama, Peninah amekuwa mrefu, mama yako ananinenepesha. Kwenye simu yupo karibu muda wote, kwa hiyo tunaongea habari za migomba. Ya moyoni nakuandikia. Barua ataileta binti wa mwalimu anayerudi huko kazini.

Uliniambia kwa simu kwamba hukuruhusiwa kuingia mliporudi, ulishushwa langoni. Basi hukusikia. Sir hakuwa na maneno mengi. Alisema baba yake alilishika bampa lile kwa mikono miwili akalia, na kwamba wewe ulikuja mwenyewe bila kuitwa, hivyo hakudai kitu. Aliyeamua ni Madam. Hakunifokea. Alikaa mbele yangu akaniambia, "Mumeo alikosea, akaja akasema. Wewe ulijua tangu Ijumaa. Umemlisha mwanangu, umemwogesha, umemlaza, na ulikuwa unajua." Nikamwambia niliogopa. Nikamwambia nilizikaza. Akasema, "Na kama ungekosea?"

Hata kama ni wewe uliyenitumia spana, yeye mtoto ni wake. Alinipa stahili zangu zote, na tiketi. Meera hawakumwambia kwamba sirudi, alidhani nakwenda kanisani. Alinipungia mkono dirishani.

Nimesikia Sir amemwambia Alfred kwamba gari hilo uliguse wewe peke yako. Nafurahi. Nasema nafurahi, lakini siku nyingine nikipepeta mchele hasira inanipanda, maana uliyepaka umebaki na niliyelala chini ya gari nimerudishwa. Usinijibu kwa hilo. Nimelisema litoke.

Nijibu kwa moja tu. Nimekula senene hadi nimekinai, nimelala kitanda changu, na bado naamka nikiwa kwenye kona za Hatta. Ulipokuwa chini na spana, zilizunguka?

Gauni nimekuja nalo. Rangi haijatoka.

Mkeo,
Edna


Al Quoz, 11 Januari 2015

Mama Peninah,

Sikukuambia pale langoni kwa sababu ningefungua mdomo ningelia mbele ya Sir wako. Tulivyokuwa tunaongea kwa simu nilidhani unajua. Nimekosa tena, kwa kunyamaza tena.

Juzi Shaheen ameletwa gereji, Alfred akazipima mwenyewe kwa ile spana ndefu. Akatoka chini akauliza nani alikaza hizi. Nikamwambia mke wangu. Akasema, "Waa! Huyo mama alikuwa na hasira. Amezidisha." Tumekwangua manjano ya zamani yote. Sasa sheria imebadilika, Alfred anakagua kwa tochi na spana pia.

Siku ile niliweka spana kwenye ya kwanza nikavuta kwa mkono mmoja. Nikavuta kwa miwili. Nikaegemeza mguu kwenye gurudumu, na pale kwenye vumbi la tairi nikaona alama ya kiatu chako, ulipoegemeza wako. Nikajaribu zote tatu. Sikuongeza hata kidogo. Tulikwenda Hatta na kurudi kwa mkono wako peke yake.

Lala, mke wangu. Hazikusogea.

Mumeo,
Faustine